Mahali pa Kuweka Tangazo

Muuguzi aliuliza kwa mara ya pili mgonjwa ameacha vidonge vya presha tangu lini, na binti akajibu kwa mara ya pili kwamba mama yake hajaacha vidonge hata siku moja, mwaka wa sita huu. Muuguzi hakubishana naye. Alifungua mfuko wa plastiki waliokuja nao kutoka nyumbani, akatoa karatasi za vidonge na kuzipanga juu ya shuka moja moja, kama mtu anayegawa karata. Nne zilikuwa hazijaguswa.

"Hizi ni za wiki nne," alisema. "Mama, nani alikwambia uache?"

Mama alikuwa amelalia ubavu. Upande wa kulia wa uso wake ulikuwa umelegea tangu alfajiri, alipoanguka jikoni, na mkono wa upande huo ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Alilitafuta neno kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake bila hasira yoyote, akishangaa kwamba anaulizwa jambo ambalo muulizaji analijua.

"Wewe," alisema. "Uli... sema."

Binti alisema hapana, hajasema. Mama akasogeza mkono wake mzima kuelekea simu yake. Mume wa binti, fundi wa makochi, aliyekuja mbio na nyuzi bado zimemganda shatini, aliichukua ile simu na kubonyeza pale mama mkwe alipokuwa ameishia. Ilikuwa podikasti ya mkewe mwenyewe, Maneno ya Sebuleni, kipindi cha mwezi uliopita, alichokuwa akikirudia. Muziki ukashuka, sauti ikaingia:

"Wapenzi wasikilizaji, niwaambie siri ya nyumbani kwetu. Mama yangu ana presha, na vidonge vilikuwa vinamchosha. Sasa anakunywa Shwari, maji ya mizizi, asubuhi na jioni, na vidonge tumeviweka pembeni. Mama, kama unanisikia, endelea hivyo hivyo."

Ilikuwa sauti yake. Kicheko kidogo cha mwishoni kilikuwa chake, na ile pumzi anayoivuta kabla ya kutamka neno "mama" ilikuwa yake. Maneno hakuwahi kuyasema.

Wodi nzima ilikuwa imegeuka. Mwanamke aliyekuja kumtazama mgonjwa wa kitanda cha pili alimpima kwa macho toka juu hadi chini, akamwambia jirani yake kwamba kumbe ndiye huyu, yeye alidhani ni mtu mzito. Jirani akajibu, bila kupunguza sauti, kwamba uzito uko mdomoni: anamnywesha mama yake mizizi, kisha anawaletea madaktari lawama. Muuguzi alikusanya vile vidonge na kuondoka bila kuaga.

Mtu wa nje angeuliza inakuwaje mama na binti wanaoishi nyumba moja wasemeshane kwa simu. Lakini nyumba hiyo ilikuwa na posta yake. Binti alizaliwa na haya kama wengine wanavyozaliwa na kidole cha sita. Jambo lolote lililomshinda kusema ana kwa ana, alilisemea kipaza sauti, amekaa katikati ya magodoro ya sponji kwenye karakana ya mumewe, maana sponji humeza mwangwi na hapo sauti hutoka safi. Mama alisikiliza kila Jumatano asubuhi, spika ndogo sikioni, akichambua mboga. Habari za uchumba alizipata humo: kipindi kimoja binti alitaja kwamba kuna fundi fulani amekuja kuuliza habari zake, na mama akafagia ua, kisha akauliza kama huyo fundi anapenda chai ya rangi au ya maziwa. Wiki nyingine binti alizungumzia akina mama wanaozidisha chumvi. Kesho yake chumvi ilipungua mezani na hakuna aliyetia neno.

Kwa hiyo sauti iliposema vidonge vimewekwa pembeni, mama aliviweka pembeni. Alidhani vimekuwa ghali na mtoto anaona haya kumwambia. Alinunua Shwari kwa hela zake mwenyewe, akaficha chupa asije akamwaibisha. Fundi alizikuta kumi na moja, tupu, nyuma ya magunia ya mabaki ya vitambaa.

Binti aliporudi wodini kesho yake alijaribu kueleza. Alisema ni mashine, alisema sauti yake imeigizwa. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akampapasa mkono kwa kiganja chake kizima, na kusema taratibu kwamba haidhuru, mtu hukosea. Binti alitamani angepigwa kofi.

Usiku ule ndipo mumewe alipomkumbusha ule mchana wa mwaka jana, kampuni inayotoa podikasti yake ilipomletea sentensi mia mbili zisizo na kichwa wala miguu azisome, eti wanapima kipaza sauti kipya. Jogoo wa kijani anapanda ngazi. Je, saa tano ina vijiko vingapi? Alizisoma zote kwa uaminifu, nyingine mara tatu, kwa furaha, kwa huzuni, kwa kunong'ona. Fundi alicheka siku ile mpaka akachomwa na sindano. Hakuna aliyecheka sasa.

*

Ofisi za kampuni ya podikasti zilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani. Sebule ya wageni ilikuwa na kochi moja refu na runinga ukutani iliyoonyesha mawimbi ya sauti yakipanda na kushuka, na kutoka kwenye spika za dari binti aliisikia sauti yake ikisifia godoro, ikisifia bima ya pikipiki, ikisifia Shwari. Katibu muhtasi alimwomba aandike jina, kazi na sababu ya kuja. Binti alikuwa ametengeneza vipindi hapo miaka mitano. Akaandika. Alikaa kwenye kochi saa nzima na dakika arobaini akijisikiliza.

Meneja, ambaye wafanyakazi wake walimwita Bwana Asilimia kwa sababu hata salamu aliitikia kwa hesabu, alimpokea kwa mikono miwili. Alimpa pole ya mama, pole kweli kweli, akauliza umri wa mgonjwa, akatikisa kichwa. Kisha akaeleza. Wasikilizaji wa podikasti wameongezeka theluthi moja mwaka huu, lakini bei ya tangazo imeshuka nusu. Watangazaji biashara hawataki tena tangazo moja kwa watu wote. Wanataka mtu ambaye kwao kunanyesha asikie habari za mvua, na mwenye presha asikie habari za presha, na wote wasikie mdomo wanaouamini. Hakuna koo la binadamu linaloweza kusoma tangazo kwa namna elfu moja.

"Soko likihama, dada yangu, na wewe unabeba kikapu chako," alisema.

Binti aliuliza ni nani aliyeandika maneno yale kuhusu mama yake.

"Hakuna aliyeandika," alisema Bwana Asilimia, na kwa kweli alilisema kwa fahari. Mashine ilisikiliza vipindi vyote vya Maneno ya Sebuleni, ikamkuta mama, ikakuta presha. Inasoma mada ya kipindi, inatafuta tangazo linalofanana nayo, inalisema, inalipachika pale mtengenezaji alipoweka alama. Yote kwa sekunde nne.

"Na nani alisikiliza kabla halijatoka?"

"Tunatoa vipindi mia tatu kwa wiki. Nani akae asikilize? Wahariri watatu niliwapunguza mwaka jana, na hakuna msikilizaji hata mmoja aliyelalamika."

Binti alikuwa na maombi mawili, na alikuwa ameyarudia njia nzima ili haya isimnyang'anye. La kwanza, sauti yake izimwe. La pili, meneja aende hospitali, asimame mbele ya kitanda, amwambie mama kwa mdomo wake kwamba mtoto wake hakusema yale maneno. Hilo la pili ndilo lililomtoa nyumbani. Mama angeweza kupona mkono, angeweza kupona mguu, lakini kila akimwangalia binti yake angekuwa anamsamehe.

Bwana Asilimia alitoa mkataba kutoka kwenye droo na kumwonyesha mstari: sauti, na chochote kitokanacho na sauti. Sahihi ilikuwa ya binti, nzuri, ya mwandiko wa chuo. Kuhusu hospitali, wanasheria wasingemruhusu. Akienda atakuwa amekiri.

"Mimi sikumwambia mama yako aache dawa. Na wewe hukumwambia. Sasa tatizo liko wapi?"

Alimkumbusha, kwa upole, kwamba mkataba wake unaisha mwezi huu na bado anadaiwa kipindi kimoja, Jumatano ijayo saa kumi na mbili asubuhi, asipoleta kuna faini. Akamsindikiza hadi mlangoni. Pale mapokezi katibu alimkabidhi mfuko wa karatasi wenye kamba nyekundu, zawadi wanayopewa wageni wote wiki hiyo. Ndani mlikuwa na chupa mbili za Shwari.

Alizibeba hadi nyumbani. Njiani alitaka kuzitupa, lakini kila pipa alilolikaribia palikuwa na watu, na mtu mwenye haya hatupi kitu kizima mbele za watu. Fundi alimkuta amekaa juu ya bunda la sponji, chupa magotini, anasoma maandishi ya kibandiko.

"Wamekupa nini?" aliuliza.

"Wamenipa kipindi kimoja," alisema.

*

Mama aliruhusiwa kurudi siku ya tisa. Alitembea kwa mkongojo wa chuma na kusema neno, akapumzika, akasema neno. Jumatatu asubuhi binti alimpelekea uji, akasubiri amalize, akamwomba, uso kwa uso, bila kupitia posta, kama angekubali kukaa mbele ya kipaza sauti awaeleze watu yaliyompata. Mama alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Alisema wapo wenzake wengi wenye presha, nao wana watoto.

Walimkalisha kwenye kiti cha mkono ambacho fundi alikuwa amekimaliza siku hiyo hiyo na mteja hajaja kukichukua. Binti alianza kwa kusema jambo moja, polepole, mara mbili: sauti yoyote itakayotaja dawa au kinywaji humu ndani si yangu, na mtu asiache vidonge vyake mpaka daktari amwambie. Kisha akanyamaza, akamwachia mama. Maneno ya dakika tatu yalichukua dakika ishirini na mbili. Mama alisimulia vidonge, chupa, jiko, sakafu. Na hakuficha: alisema aliambiwa na mwanawe, na kwamba mwanawe ni mtoto mzuri, alikosea tu. Binti alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Hakulikata lile neno, wala siku hiyo wala wakati wa kuhariri.

Katika kazi hiyo, alama ya tangazo ni kitu kidogo, mstari wa njano unaouweka kwenye wimbi la sauti ili mashine ijue pa kuingilia. Mtengenezaji mwenye adabu huiweka mada inapokwisha, mahali msikilizaji anapomeza mate. Binti alikuwa na adabu hiyo miaka mitano. Safari hii aliusogeza ule mstari hadi katikati ya sentensi za mama yake, kwenye vile vituo virefu ambavyo mgonjwa alikuwa anatafuta neno. Aliweka saba. Mahali pa maelezo ya kipindi aliandika maneno ambayo mashine huyapenda: presha, vidonge, mizizi, mama.

Fundi alisimama nyuma yake na mkasi mkononi. Alitazama ile mistari ya njano kwa muda.

"Mke wangu, huku siyo kuhariri. Huku ni kutega."

"Ndiyo," alisema. "Natega."

Alimwuliza kama hawatamshtaki. Akajibu kwamba wamshtaki kwa lipi. Ameleta kipindi siku ya ahadi, ameweka alama, kazi yake imekwisha. Sauti yake ilikuwa ile ile ya chini ya siku zote, na fundi, aliyemjua kwa miaka minne, alijikuta amerudi hatua moja nyuma.

Kule kampuni hakuna aliyekisikiliza kabla. Jumatano saa kumi na mbili kilitoka.

Mama alikuwa jikoni, spika ndogo sikioni, na binti amekaa mbele yake anamenya viazi. Aliiomba spika, akaichomoa, ili simu isikike kwa wote wawili.

"Nikaacha... vidonge," ilisema sauti ya mama kwenye simu, "nikaanza... kunywa..."

"Shwari!" ikadakia sauti ya binti, changamfu, imejaa kicheko. "Mama yangu hakosi chupa mbili kwa siku, na sasa anapanda ngazi kama msichana!"

"...chupa mbili, tatu... kwa wiki. Asubuhi ile... nikasimama. Mguu... haukuja. Nikaanguka..."

"Usingoje kesho, ndugu msikilizaji. Amka na Shwari!"

Mama aliinua mkono. Binti akasimamisha kipindi. Mama aliitazama simu, akautazama mdomo wa binti yake uliofungwa, akaitazama simu tena. Jumatatu alikuwa kwenye kile kiti tangu mwanzo hadi mwisho. Alikisikia kila kilichosemwa mle ndani, na cheko kama hilo halikuwamo.

"Huyu," alisema, "hakuwepo."

"Hakuwepo, mama."

Maji ya viazi yakachemka na kuanza kumwagikia motoni. Hakuna aliyeyagusa.

"Nilikwambia... umekosea." Upande wake mmoja wa uso ulikuwa unatetemeka. "Mbele ya watu. Ukaniacha... niseme."

"Ungeniamini ningekukatiza?"

Mama alitikisa kichwa. Kisha akasema, kwa neno moja lililotoka zima bila kukwama, kwamba arudie. Walikisikiliza kipindi chote mara mbili, alama zote saba, na mara ya pili mama aliuliza jina la mwenye kampuni.

*

Hadi Alhamisi mchana watu walikuwa wanatumiana vipande. Kile cha "nikaanguka" na "amka" kilifika hata kwa yule mwanamke wa wodini, ambaye alimtafuta binti kwa simu kumwambia kwamba yeye alijua tangu siku ile. Watu waliandika majina ya wazazi wao walioacha dawa: baba wa dereva mmoja, bibi wa mwalimu mmoja, shangazi wa mtu asiyejitaja. Wenye Shwari walitoa tamko kwamba wao walilipia tangazo linalosomwa na mtangazaji mwenyewe, kwa bei ya mdomo wa mtangazaji mwenyewe, na hawakuambiwa habari za mashine yoyote. Wenye godoro na wenye bima wakauliza na wao walilipia nini.

Ijumaa saa tisa alasiri Bwana Asilimia alifika karakana. Alivua miwani mlangoni kwa sababu ya vumbi la sponji, akatafuta pa kukaa. Fundi alimwonyesha fremu ya kochi iliyokuwa bado na springi tupu. Alikaa. Springi zililia kila alipopumua.

Alisema sauti imezimwa tangu jana. Alisema mengi, na mengi yalikuwa kweli: simu hazikomi, benki imeuliza maswali, ana watu kumi na wawili wanaokula kupitia kwake.

"Walikuwa kumi na watano," alisema binti.

Meneja aliyapuuza hayo. Kilichomleta ni karatasi moja. Kwenye mikataba yake aliweka sharti kwamba kipindi kikishatoka hakiondolewi ila kwa sahihi za pande zote mbili, kwa sababu zamani kuna mtangazaji aliwahi kumhama na vipindi vyake vyote. Sasa anaomba sahihi ya binti, hiki kimoja kiondolewe. Alitaja kiasi. Kilikuwa kikubwa kuliko mapato ya karakana kwa miezi saba, na fundi aliacha kugonga misumari.

Binti hakuigusa karatasi. Alimwambia mwenye kauli yumo ndani, na anakuja.

Mkongojo ulisikika muda mrefu kabla ya mama kuonekana. Bwana Asilimia alisimama, akampa shikamoo, akampa pole. Mama aliketi kwenye kiti cha mkono, akasubiri pumzi irudi.

"Nani," aliuliza, "aliniambia... niache vidonge?"

"Mama, kwa bahati mbaya mfumo wetu uli..."

"Mfumo... ni nani?"

Bwana Asilimia alimtazama binti ili amsaidie. Binti alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Alimtazama fundi. Fundi alikuwa na misumari mdomoni. Mama hakuwa na haraka. Alikuwa amejifunza kungoja maneno.

"Ni mimi," alisema Bwana Asilimia hatimaye. "Si mwanao. Ni mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea mzigo wake na kukuta haujapungua. Meneja akadhani yamekwisha. Alichomoa kalamu, akaiweka juu ya karatasi, akaisogeza karatasi mbele.

"Na kile kipindi... nani anakisikiliza?" mama aliuliza.

Alisema watu laki tatu hadi asubuhi. Hata hesabu hiyo ilimtoka kwa shida.

"Basi... kiache."

Ndipo binti alipomwona meneja vizuri: kola imeloa jasho, viatu vimefungwa kamba vibaya, mtu aliyetoka nyumbani bila kula. Huruma ilimpanda, maana hajawahi kuweza kumtazama mtu aliyeshindwa. Aliijua. Ndiyo iliyomfanya asome zile sentensi mia mbili bila kuuliza, asimvunje moyo aliyezileta. Aliiacha ipande mpaka kooni, na hakuifungulia mdomo. Aliichukua karatasi, akaikunja mara mbili kwa uangalifu, akamrudishia na kalamu yake.

Simu ya Bwana Asilimia ikaanza kuita mfukoni. Aliitoa, akaona jina, akaikandamiza kifuani isisikike. Ni wenye Shwari, alisema. Aliomba kama kuna mahali anaweza kusogea.

"Pokea hapo hapo," alisema binti. "Leo ongea mwenyewe."

Iliita tena. Akapokea. Sauti iliyomtoka ilikuwa nyembamba, yenye kikohozi, na haikujua ianzie wapi. Fundi aliinuka kwenda kufunga mlango ili asiaibike kwa wapita njia, na mama akanyoosha mkono wake mzima kumzuia, akasogea mbele kitini apate kusikia vizuri.